Babu alivunjiwa nyumba, bado anamsifu Mwalimu Nyerere: je, Watanzania tunautaka ujamaa?

Swali la msomaji: "Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza, kwetu ni Mkoa wa Mara. Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, nyumba ya babu yangu ilivunjwa akahamishiwa porini, mahali pasipo na maji. Lakini siku haipiti bila yeye kusema, 'Enzi za Mwalimu tulitibiwa bure, watoto walisoma bure.' Nikimuuliza kama ujamaa urudi, anakataa katakata. Wanafunzi wangu nao wanasema ujamaa ndio uliotutia umaskini, halafu haohao wanadai serikali iwape mikopo, bima na ajira. Je, sisi Watanzania tunautaka ujamaa au hatuutaki?"

Jibu:

Ndugu Mwalimu, kwanza mfikishie babu shikamoo yangu. Hili neno "ndugu" nimelichagua. Enzi hizo lilikuwa cheo cha kila mtu, waziri na mfagiaji, na watu wa rika la babu yako hulisikia kwa masikio mawili. Kuna anayelisikia kama heshima, na kuna anayelisikia kama sauti ya ofisa aliyefika alfajiri na lori kuja kumhamisha. Mara nyingi ni mtu mmoja mwenye masikio yote mawili. Babu yako ni mmoja wao, na kwa maoni yangu hajipingi hata kidogo. Neno "ujamaa" limebebeshwa mambo ambayo yeye aliyaishi mbalimbali, na kila moja analipa alama yake.

Turudi kwenye chanzo. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipitisha Azimio la Arusha tarehe 29 Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari, na kesho yake benki zikataifishwa. Azimio lilisema maendeleo yanahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Likaweka miiko: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba ya kupangisha. Suala la kuishi vijijini lilifafanuliwa baadaye mwaka huohuo, na maandiko yenyewe yalisema wazi kwamba mtu asilazimishwe, aelimishwe hadi akubali. Kwa hiyo mkulima wa Mara mwaka 1968 akisema anaupenda ujamaa, alikuwa anaisifu ahadi hiyo. Lori halikuwa limefika bado.

Tena kulikuwa na watu walioujenga kabla ya kuambiwa. Kule Ruvuma, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa Litowa na vijiji jirani walilima pamoja, wakaanzisha shule yao na mashine ya kusaga, wakaamua mambo yao kwenye vikao vyao. Chama chao cha maendeleo kilikuwa kimefikia vijiji vipatavyo 17. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja, maana kilikuwa hakipokei amri. Huwa nasikitika kila ninapolikumbuka tukio hili, kwa sababu ndipo ujamaa wa hiari ulipofungiwa mlango na wale wale waliouhubiri.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Iringa, sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa Wilbert Klerruu, aliyekuwa akihimiza kilimo cha ujamaa, aliuawa shambani na mkulima Said Mwamwindi. Hadi mwaka 1973 waliokuwa kwenye vijiji vya ujamaa walikuwa kama milioni 2 tu. Novemba mwaka huo Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na hadi mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Serikali ilipohesabu mwishoni ilipata zaidi ya watu milioni 13. Idadi ya namna hiyo haihami kwa kuelimishwa ndani ya miaka mitatu. Paa ziling'olewa, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili mtu asipate pa kurudi. Sehemu zenye msongamano wa watu na mazao ya kudumu, kama miteremko ya Kilimanjaro na sehemu kubwa ya Kagera, ziliguswa kidogo sana. Ndiyo maana ukimuuliza mzee wa Marangu na mzee wa Serengeti kuhusu ujamaa, utadhani wanazungumzia nchi mbili.

Sasa tuje kwenye upande ambao babu anausifu. Mwaka 1967 theluthi moja tu ya watu wazima walijua kusoma na kuandika. Kampeni ya elimu ya watu wazima ilipanda hadi ikaelezwa mwaka 1986 kwamba waliobaki bila kujua ni chini ya mmoja kati ya kumi. Ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 1973. Mwaka uliofuata chama kikaazimia mjini Musoma kwamba kila mtoto aende shule, na mpango wenyewe ukaanza 1977, ule ambao wazee wanauita UPE. Redio ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wakakaa kwenye vikundi kuisikiliza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Vituo vya afya vya vijijini vilikuwa 22 wakati wa uhuru, na mwaka 1980 vilikuwa vimezidi 200, mbali na zahanati.

Hapa naomba utulie kidogo, kwa maana ndipo penye jibu la swali lako. Huduma hizi zilifika kupitia kijiji kilekile cha lazima. Kijiji ambako babu yako alishushwa na virago vyake, akiwa amepoteza nyumba, ghala la mtama na makaburi ya wazee wake, ndiko mwanawe alikoandikishwa darasa la kwanza, labda wa kwanza katika ukoo. Ndiko mama mjamzito alikopata mkunga mwenye mafunzo. Mzee wa namna hiyo anaweza kukuonyesha mahali pamoja kwa kidole kimoja na kukuambia: hapa nilidhulumiwa, na hapa mwanangu alisomea. Sisi wasomi ndio tunaotaka achague moja.

Mzigo mwingine uliomo ndani ya neno hilo ni duka. Mtu aliyekuwa mtu mzima kati ya 1979 na 1985 ukimtajia ujamaa huona foleni: sabuni ya mche inayokatwa vipande, sukari inayogawiwa kwa kilo kupitia balozi wa nyumba kumi, khanga anayoipata mwenye ndugu kwenye duka la shirika la biashara la mkoa. Sababu zilikuwa nyingi na si zote zilitoka Dar es Salaam: bei ya mafuta ilipanda 1973 na tena 1979, ukame wa 1973 na 1974 uliumiza, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na vita ya Kagera ikameza fedha za kigeni. Lakini mengine tulijitakia. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, vyombo ambavyo wakulima wenyewe walivijenga tangu ukoloni, ikaweka mamlaka za mazao. Mkulima akacheleweshewa malipo, naye akapeleka kahawa yake kwa magendo. Mwaka 1982 ushirika ukarudishwa, umeshavunjika miguu. Mwaka 1983 ikaja kamatakamata ya wahujumu uchumi, watu wakatupa bidhaa usiku kwa hofu. Bidhaa hazikuongezeka kwa hilo.

Mwalimu mwenyewe hakujidanganya kuhusu mambo haya. Alipotathmini miaka kumi ya Azimio mwaka 1977 alikiri kwamba Tanzania haikuwa ya kijamaa wala haikuwa imejitegemea.

Yaliyofuata unayafahamu: Mzee Mwinyi akashika nchi 1985, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakaja 1986, maduka yakajaa. Mwaka 1991 kikao cha chama Zanzibar kikalegeza miiko ya uongozi. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza hospitalini. Ada ilikuwa imerudi shuleni, na uandikishaji ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa umekaribia kila mtoto, ukashuka katika miaka ya 1990 hadi chini ya asilimia 80. Lakini Katiba haikubadilika: hadi leo ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kijamaa. Wasomee wanafunzi wako ibara hiyo uone nyuso zao.

Tazama mfuatano huo kwa macho ya babu yako. Sukari ilirudi dukani katika miaka ileile ambayo dawa za bure ziliondoka zahanati na viongozi wakaruhusiwa kujenga nyumba za kupangisha. Alipata kimoja akapokonywa viwili. Anaposema "enzi za Mwalimu" simsikii akiomba foleni irudi. Nasikia kipimo anachokiweka mbele ya viongozi wa leo: yule alitunyima mengi, lakini hakujilimbikizia. Kumbukumbu hii ina nguvu zaidi ya takwimu yoyote ya uchumi, nami naiona ni ya haki.

Umeuliza kama "tunautaka". Kulipima hilo ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Tume ya Nyalali, iliyozunguka nchi nzima mwaka 1991, ilikuta karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee. Ukiishia kwenye namba hiyo utasema Watanzania waliridhika. Lakini wengi wa hao waliosema chama kibaki walitaka pia kibadilishwe sana, na Tume, kwa kulitambua hilo, ikapendekeza vyama vingi. Watu hulitetea jina huku wakilalamikia kila kilichomo ndani yake. Kinyume chake nacho hutokea: hulikataa jina wakataka kila kilichomo. Hao ndio wanafunzi wako.

Afrobarometa, utafiti wa maoni unaofanyika hapa tangu mwaka 2001, ulijaribu njia ambayo mimi naiona bora. Haukuuliza tu kuhusu mfumo. Ulimwekea mtu machaguo mawili: shule ya bure hata kama kiwango ni duni, au kiwango kipande hata kama itabidi kulipa ada. Hapo mtu analazimika kutafuta mfukoni. Bado lakini swali hilo linaacha nje jambo moja ambalo kijijini ndilo la kwanza: fedha nikizitoa, nani atazishika?

Nimekaa kwenye mikutano ya vijiji mingi kiasi cha kujua kwamba "bure" ya Kitanzania haijawahi kuwa bure kabisa. Zahanati nyingi za leo zilianza kwa nguvu za wananchi. Wananchi wanasomba mchanga na mawe, wanafyatua tofali, wanapandisha boma hadi usawa wa lenta, halafu wanasubiri serikali ipaue. Ndiyo lugha ya mikutano: boma letu, paa la serikali. Watu hawa hawaombi kubebwa. Kinachowachoma ni boma kukaa miaka sita bila bati, mvua ikilila, wakati mwenyekiti hajasoma mapato na matumizi, ingawa sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila miezi mitatu.

Mwaka 2016 serikali ilipoondoa ada hadi kidato cha nne, jambo la heri sana, kulitokea ambalo wengi hawakulitarajia. Wazazi wengi waliacha kutoa michango ya chakula cha mchana, ya mlinzi na ya madawati. "Si tumeambiwa bure?" Walimu wakuu wakabaki na ruzuku ndogo na madarasa yaliyofurika. Wapo waliosema huo ni uthibitisho kwamba Mtanzania amezoezwa kupewa. Sikubali. Mzazi yule alikuwa amechangishwa miaka nenda miaka rudi bila kuona hesabu, na aliposikia neno bure alilitumia kama kinga. Palipokuwa na kamati ya shule inayobandika matumizi ukutani, niliona uji ukiendelea kupikwa.

Kwenye kodi ndiyo hivyo hivyo. Wanaume wa vijijini walikuwa wakikimbilia porini wakimwona mgambo wa kodi ya maendeleo, hadi ilipofutwa mwaka 2003. Haikuwa na uhusiano wowote unaoonekana na maendeleo, licha ya jina lake. Julai 2021 zikaja tozo za miamala ya simu. Serikali ilieleza kwamba zingejenga vituo vya afya na madarasa, vitu ambavyo kila mtu alivitaka, na kweli vikaanza kujengwa. Hata hivyo kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba wiki chache baadaye tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Je, watu hawakutaka vituo vya afya? Walivitaka. Lakini tozo ile ilimkuta bibi anayetumiwa shilingi 10,000 na mjukuu wake, pesa ambayo yenyewe ndiyo bima na pensheni ya familia zetu. Ilikata ndani ya ujamaa wa ndugu kwa ndugu ili kulipia ujamaa wa serikali, na watu wakaulinda wa kwanza.

Hapo ndipo penye siri ya wanafunzi wako. Wamezaliwa baada ya foleni na baada ya lori. Ujamaa kwao ni sura ya kitabu cha historia na sababu ya kufeli iliyoandikwa ubaoni. Lakini ukiwauliza kuhusu Bodi ya Mikopo, kuhusu ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, kuhusu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa Bungeni mwaka 2023, watakwambia hizo ni haki. Sioni unafiki hapo. Wanadai kile ambacho Azimio liliahidi, bila kujua kwamba lina jina.

Jambo moja limebadilika kweli, nalo linanipa hofu. Enzi ya babu, mtoto wa ofisa wa mkoa na mtoto wa mvuvi wangeweza kukutana bweni moja katika sekondari ya serikali. Mwaka 1977 sheria ilibana hospitali binafsi za biashara, zikafunguliwa tena 1991, na shule binafsi nazo zikachanua. Leo mwenye uwezo anampeleka mtoto shule ya kulipia, na shule ya serikali imepewa jina la utani, Kayumba. Mwenye sauti akishaondoka kwenye foleni ya zahanati, hakuna wa kupiga simu dawa zikikosekana. Baba mwenye kadi ya CHF, mfuko wa bima ya afya ya jamii, aliyolipia shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, anaambiwa dirishani dawa hakuna, akanunue duka la nje. Mwaka unaofuata haikati tena, na kwenye ripoti anaandikwa kwamba wananchi hawana mwamko wa bima. Ana mwamko kabisa. Alijaribu, akaona.

Kwa sababu hiyohiyo huduma ya wote hupendwa kuliko ya wachache. Ruzuku ya TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, kwa kaya maskini imewafaa watu wengi mno, lakini hakuna orodha inayozua fitina kijijini kama ile. Jirani na jirani wanalala nyumba za tope zilezile, mmoja yumo, mwingine hayumo. Shuleni na kisimani hakuna orodha.

Nikuongezee moja kutoka kwa majirani. Kenya nayo ilijiita ya kijamaa, kwa waraka wa Bunge namba 10 wa mwaka 1965, ingawa ilifuata njia ya soko na harambee. Mtafiti Edward Miguel alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya kwetu. Busia, maeneo yenye makabila mchanganyiko yalichangia shule kidogo kuliko yale ya kabila moja. Meatu hakuiona tofauti hiyo. Alihusisha jambo hilo na siasa ya kujenga taifa: Kiswahili, mabaraza ya vijiji, masomo ya uraia. Nadhani hili ni tunda la enzi ile ambalo hakuna anayelihesabu, kwa sababu halipimwi kwa kilo wala kwa bati. Babu yako akichanga kwa ajili ya darasa, haulizi kwanza mtoto atakayekaa humo ni wa kabila gani.

Kwa hiyo nikilijibu swali lako kama ulivyoliuliza: wengi wetu tunaitaka huduma ya wote, tunamtaka kiongozi asiyejilimbikizia, na hatumtaki kabisa mtu wa kutuamulia pa kulala. Ukituwekea vyote hivyo ndani ya neno moja, utatupata tukisema ndiyo na hapana kwa pumzi moja.

Jaribu hili darasani. Nusu ya wanafunzi waulize, "Je, ujamaa urudi?" Nusu nyingine waulize, "Je, matibabu ya mama mjamzito yalipiwe kwa kodi ya wote?" Wasionyeshane majibu hadi mmalize kuhesabu. Jioni, ukifika kwa babu, acha kumuuliza kuhusu ujamaa. Muulize zahanati ilifika lini baada ya wao kuhamishwa, nani alichimba msingi wake, na nani alishika daftari la michango. Mpe muda mrefu, na uwe na kalamu.